Kelele za Mlango na Mwenye Nyumba: Kipandikizi cha Koklea, Mazingira ya Diff na Deni la Wanakiswahili

Utangulizi

Zipo methali mbili za Kiswahili ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amekutana nazo. Ya kwanza husema kuwa kelele za mlango hazimkeri mwenye nyumba. Ya pili, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Madarasani methali hizi hufafanuliwa kuwa funzo la kuwapuuza wapinzani na wambeya, na ufafanuzi huo ni sahihi. Lakini chini ya maana hiyo ya mafumbo limo dai la kawaida kabisa kuhusu mwili: kwamba sikio lina uwezo wa kupokea kelele na bado lisitawaliwe nazo. Mwenye nyumba husikia mlango ukigongwagongwa na upepo, lakini ubongo wake huuweka mlango huo kando na kuisikiliza sauti ya mtoto anayelia chumba cha pili.

Wako watu ambao methali hizi haziwahusu. Ni wale wanaosikia kwa kipandikizi cha koklea, kifaa cha umeme ambacho sehemu yake moja hupandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji. Kwao mlango na mtoto huingia sikioni kwa uzito unaokaribiana, na mara nyingi mlango ndio hushinda.

Makala haya yanatazama matumizi ya kila siku ya kifaa hicho kwa kurejelea Diff, mji mdogo wa wafugaji ulioko Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Diff haikuteuliwa kwa kuwa ina watumiaji wengi wa kifaa hiki. Imeteuliwa kwa kuwa ni kipimo kigumu: mpango wa usikivu utakaofaa Diff utafaa popote nchini, na ule unaofaa Nairobi pekee haustahili kuitwa mpango wa taifa. Dai kuu la makala ni moja. Upasuaji humpa mtoto sauti, lakini haumpi lugha. Lugha hupewa na watu wanaomzunguka, katika mazingira anamoishi, na sehemu ya kazi hiyo ni ya wanakiswahili, ambao kwa kiasi kikubwa wameiachia hospitali.

Kifaa na Mipaka Yake

Koklea ni kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja mfano wa konokono. Hata jina lenyewe, kwa asili yake ya Kiyunani na Kilatini, lina maana hiyo. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo. Zile za safu ya ndani, ambazo ndizo hasa hupeleka habari za sauti kwenye neva, ni takriban 3,500 katika kila sikio. Zikiharibika hazioti tena. Huharibiwa na homa ya uti wa mgongo, na surua, na baadhi ya dawa kali kama streptomaisini na jentamaisini. Watoto wengine huzaliwa na tatizo hilo kwa kurithi, au kutokana na maradhi yaliyompata mama akiwa mjamzito.

Shimesikio, yaani kifaa cha kawaida kinachokuza sauti, humfaa mtu ambaye seli hizo zimebaki kwa kiasi fulani. Kipandikizi hakikuzi sauti. Huziruka seli zilizokufa na kuichochea neva moja kwa moja. Sehemu ya nje, inayokaa nyuma ya sikio, ina maikrofoni na kompyuta ndogo ya kuichambua sauti. Kiduara chenye sumaku hushikamana na ngozi ya kichwa na kupitisha habari hadi kipokezi kilichozikwa chini ya ngozi hiyo. Kutoka hapo, uzi mwembamba wenye elektrodi 12 hadi 22, kutegemea mtengenezaji, huingia ndani ya koklea.

Jaribio la mwanzo la kuichochea neva ya usikivu wa binadamu kwa umeme lilifanywa mjini Paris mwaka 1957 na André Djourno na Charles Eyriès. Mwaka 1978 Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alimpandikizia mgonjwa kifaa chenye njia nyingi za sauti, na vifaa vya leo ni vizazi vya kazi hiyo na ya wenzake wa Ulaya na Marekani. Katika Afrika Mashariki, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa huduma hii mwaka 2017. Kabla ya hapo, watoto wa Tanzania walipelekwa India. Nchini Kenya upasuaji huu hupatikana hasa Nairobi, na gharama yake hufikia mamilioni ya shilingi.

Hesabu iliyotajwa hapo juu ndiyo kiini cha mjadala. Kazi ya seli 3,500 inafanywa na vijilango visivyozidi 22. Mahali tulivu, mtu mmoja akisema kwa uwazi, vijilango hivyo hutosha, na mtoto aliyepandikizwa mapema anaweza kujifunza kusema na kuelewa. Lakini mambo mawili hupungua sana. La kwanza ni uwezo wa kutenganisha sauti mbili zinazotokea pamoja. La pili ni usikivu wa kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambako ndiko huubeba muziki, kiimbo na toni. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtumiaji halitoshi likiwa "Je, unasikia?" Swali kamili ni "Unasikia wapi, na nani anasema?"

Mazingira ya Usikivu katika Diff

Jibu la swali hilo linaweza kushangaza. Nyumba ya kihamaji ya Wasomali, iitwayo aqal, hujengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Kuta zake ni laini na humeza mwangwi. Jioni, mifugo ikiwa zizini na upepo umetulia, mama akiketi hatua moja kutoka kwa mtoto wake ndani ya aqal, mtoto huyo yumo katika chumba cha kusikilizia kilicho bora kuliko vyumba vingi vya mawe. Nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji na paa la mabati huirudisha sauti mara kadhaa, na kila mrudio huifunika silabi inayofuata. Mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, mazungumzo hukoma kabisa. Kwa upande wa usikivu, basi, nyumba inayohesabiwa kuwa ya kimaendeleo inaweza kuwa hatua ya kurudi nyuma, isipokuwa itandikwe mikeka na kutundikwa mapazia.

Duksi, yaani chuo cha Kurani, ni mazingira ya pili. Humo kila mtoto husoma ubao wake kwa sauti, kila mmoja na aya zake, huku mwalimu akipita kati yao. Mtoto anayesikia huisikia sauti yake mwenyewe na ya mwalimu, na zilizobaki huwa kama chura wa methali. Mtoto wa kipandikizi hukutana na ukuta wa sauti. Methali nyingine husema kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Kwake yeye, penye wengi ndipo neno huharibika. Hata hivyo, duksi ina faida ambayo wataalamu wa hospitali hawana budi kuitambua. Matini yake haibadiliki. Hurudiwa siku baada ya siku, husomwa polepole kwa matamshi yanayochungwa, na mwanafunzi huiona kwa macho anapoisikia. Mazoezi ya sikio jipya hayahitaji zaidi ya hayo. Mwalimu akimtengea mtoto robo saa peke yake, uso kwa uso, kabla wenzake hawajafika, duksi hugeuka kutoka mahali pagumu kuwa mahali pa tiba.

Darasa la shule ni la tatu. Sauti ikisafiri mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu hupungukiwa na desibeli 6. Wataalamu hupendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele za darasa kwa takriban desibeli 15 ili mtoto mwenye tatizo la kusikia aelewe vizuri. Katika darasa lililojaa, lenye madirisha wazi upande wa upepo, kiwango hicho hakifikiwi kwa kupaza sauti. Nchi tajiri hutumia maikrofoni ndogo inayovaliwa na mwalimu na kupeleka sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto, na kifaa hicho kikipatikana kitafaa Diff pia. Lakini yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi: kumketisha mtoto mstari wa mbele kwa upande wa sikio lenye kifaa, mwalimu kutosema huku ameuelekea ubao, kurudia jibu lililotolewa na mwanafunzi aliyeketi nyuma, kuwataka wanafunzi waseme mmoja mmoja. Mambo haya huwafaa wanafunzi wote, wakiwamo wale ambao masikio yao huziba kila mara kwa usaha na ambao hakuna aliyewapima.

Nje, kisimani na sokoni, mambo huwa magumu zaidi. Ngamia, mbuzi, jenereta na malori husikika pamoja. Upepo ukipiga maikrofoni hutoa ngurumo ambayo mtu mwenye sikio zima haisikii. Vumbi huziba matundu ya maikrofoni, na jasho huingia kwenye betri. Msichana anayejitanda hukabiliwa na jambo ambalo huenda vitabu vya maelekezo visilitaje: kitambaa kikisugua maikrofoni hutoa mchakacho usiokoma. Kitambaa chepesi, kikifungwa ili kisichezecheze juu ya kifaa, huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo bila kumvua stara yake. Ushauri wa namna hii hautolewi na mtaalamu asiyejua jinsi wasichana wa Diff wanavyovaa.

Kisha huja usiku. Kifaa huvuliwa na betri kuwekwa kwenye chaji, aghalabu ya umeme wa jua uliohifadhiwa mchana. Tangu saa hiyo hadi asubuhi mtoto ni kiziwi kama alivyokuwa kabla ya upasuaji. Akiugua, akiogopa, au ikitokea hatari, hakuna sauti itakayomfikia. Hali huwa hiyo hiyo betri ikiisha safarini, au waya ukikatika na kipuri kikawa Nairobi. Kutoka Garissa hadi Nairobi pekee ni zaidi ya kilomita 350, na Diff iko mbali zaidi ya Garissa.

Kusikia na Kutii

Mabadiliko haya ya usikivu kutoka mahali hadi mahali yana gharama ya kijamii, na hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inahusika. Katika Kiswahili kitenzi "kusikia" kina maana pana. Mtu husikia harufu, husikia njaa, husikia maumivu. Na zaidi ya yote, kusikia ni kutii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Methali zote mbili humlaumu mwenye sikio, na hakuna inayouliza kama neno lilimfikia.

Chukua mfano wa mtoto ambaye jioni ndani ya aqal humjibu mama yake bila shida, na kesho yake kisimani huitwa mara tatu asigeuke. Jirani aliyemwona akijibu jana atahitimisha kuwa anasikia anapotaka. Ataitwa mkaidi, na pengine ataadhibiwa. Mtoto asiye na kifaa chochote angalau hujulikana kuwa ni kiziwi na husamehewa. Mwenye kipandikizi huishi kati ya hali mbili, na kila moja humdai kwa masharti ya nyingine. Hili si jambo dogo katika eneo la mpakani lenye vizuizi vya barabarani, ambako kijana huamrishwa "Simama!" kwa Kiswahili, kutoka mbali, huku injini za magari zikinguruma. Kuchelewa kugeuka kunaweza kufasiriwa kuwa ni kukaidi amri. Kadi inayoeleza hali yake, kwa Kiswahili chepesi na kwa Kisomali, ni kifaa cha usikivu kwa kiwango kile kile cha betri.

Lugha Nne katika Elektrodi Ishirini na Mbili

Mtoto wa Diff hukutana na lugha nne kabla ya kumaliza shule ya msingi: Kisomali nyumbani, Kiarabu duksini, Kiswahili dukani, shuleni na mbele ya maafisa wa serikali, na Kiingereza vitabuni. Kila moja huliomba sikio la umeme jambo tofauti.

Kisomali, ambacho kiliandikwa rasmi kwa hati za Kilatini kuanzia mwaka 1972, kina sauti za koromeo zinazoandikwa kwa herufi c na x, ambazo Kiswahili sanifu hakina. Aidha hutumia kidatu kutofautisha maana. Neno "inan" likipandishwa sauti kwenye silabi ya kwanza humaanisha mvulana. Likipandishwa kwenye silabi ya mwisho humaanisha msichana. Neno "dibi" kwa njia hiyo hiyo hutofautisha fahali mmoja na mafahali wengi. Kidatu, kama ilivyokwisha kuelezwa, ndicho ambacho kipandikizi hukipitisha kwa udhaifu. Mzungumzaji anaweza kumsaidia mtoto kwa kutumia umbo dhahiri, "inanka" kwa mvulana na "inanta" kwa msichana, ingawa k na t nazo ni miongoni mwa konsonanti zinazochanganyikana penye kelele.

Kiswahili kina tabia nyingine. Irabu zake ni tano zilizo mbali mbali, silabi zake nyingi ni wazi, na mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hutofautisha maana mara chache mno. Kwa hayo ni lugha inayotarajiwa kulifaa sikio la umeme. Lakini uzito wa sarufi yake hubebwa na viambishi vidogo vilivyofichwa ndani ya neno. "Anakuja", "atakuja" na "amekuja" hutofautiana kwa silabi moja tu. "Anapenda" na "anampenda" hutenganishwa na m moja, sauti fupi ya chini ambayo kelele ya jenereta huimeza bila taabu. Kwa bahati njema, lugha hii ina dawa yake yenyewe, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi "Vikombe vyangu vile viwili vimevunjika", alama ya ngeli husikika mara tano. Msikilizaji akiikosa mara mbili, bado ana nafasi tatu za kuukamata wingi. Kile ambacho wageni hukilalamikia kuwa ni mzigo wa Kiswahili ni msaada kwa mtu anayesikia nusunusu.

Hitimisho la kiisimu liko wazi. Jaribio la usikivu lililotungwa kwa Kiingereza, ambako wingi wa nomino aghalabu hukaa mwishoni mwa neno kwa sauti ya s, haliwezi kutafsiriwa tu na kuitwa jaribio la Kiswahili, ambamo wingi hukaa mwanzoni na kurudiwarudiwa. Mtoto anaweza kufaulu jaribio hilo na bado asijue kama gari limekuja au litakuja.

Ishara za Wajir

Kuna wanaoamini kuwa mtoto akishapandikizwa kifaa hapaswi kufundishwa Lugha ya Ishara, kwa hofu kwamba atavivia kusema. Kuna pia wanaokiona kipandikizi kuwa njama ya kuimaliza jamii ya viziwi na utamaduni wao. Hofu ya pili ina historia nyuma yake, kwa kuwa viziwi wamewahi kukatazwa lugha yao mashuleni katika nchi nyingi. Lakini pande zote mbili hukosea zinapomtaka mtoto achague. Mtoto anayekuwa kiziwi kila usiku, kila betri inapoisha na kila upepo unapovuma anahitaji lugha isiyotegemea betri.

Na katika hili Kaskazini Mashariki haihitaji kufundishwa na mtu. Lugha ya Ishara iliyokuzwa katika shule ya viziwi ya Wajir ilivuka mpaka pamoja na kijana wa Kisomali aliyesoma huko. Mwaka 1997 shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Borama, na kutoka huko ishara hizo zilifika hadi Djibouti. Shule ya Borama inahusishwa pia na Annalena Tonelli, Mwitalia aliyewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa pili wa mpaka, ambako aliuawa mwaka 2003. Eneo ambalo aghalabu hutajwa kwa upungufu limewahi kuwa chimbuko la lugha ya viziwi wa nchi jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, huitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na ibara ya 120 huihesabu kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa mujibu wa Katiba, Kiswahili na Lugha ya Ishara hukaa katika kiti kimoja. Katika idara nyingi za vyuo vikuu bado ni mbali kukaa pamoja.

Deni la Wanakiswahili

Huenda ikasemwa kuwa Diff ina haja ya maji, barabara na chanjo kabla ya vifaa vya mamilioni. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Chanjo ya surua, tiba ya mapema ya masikio yanayotoa usaha na uangalifu katika dawa zinazodhuru koklea vitaokoa masikio mengi zaidi ya upasuaji wowote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu, na wengi wao hawahitaji kipandikizi. Lakini kinachodaiwa hapa hakishindani na maji wala chanjo. Hakihitaji bajeti ya hospitali. Kinahitaji kazi ya watu ambao tayari wanalipwa, au wanasomeshwa, kuishughulikia lugha.

Kazi ya kwanza ni majaribio ya usikivu. Panahitajika orodha za maneno na sentensi zilizosawazishwa kifonolojia kwa Kiswahili, zenye kupima hasa viambishi vya ngeli, njeo na yambwa, zilizorekodiwa mahali tulivu na penye kelele, kwa sauti za wasemaji wa lafudhi mbalimbali ikiwamo ile ya Kaskazini Mashariki. Hii ni mada ya tasnifu kumi za uzamili, na inangoja. Hata jambo dogo lina faida. Wataalamu hupima kifaa kila asubuhi kwa sauti sita zilizopendekezwa na Daniel Ling: m, u, a, i, sh na s. Sauti zote sita zimo katika Kiswahili na katika Kisomali. Mama asiyejua kusoma anaweza kuzitamka nyuma ya mgongo wa mwanawe na kujua, kabla ya chai, kama kifaa kinafanya kazi.

Kazi ya pili ni ya fasihi. Fasihi simulizi hufundishwa vyuoni kama urithi wa kuhifadhiwa, ilhali ina muundo ambao sikio jipya hulihitaji. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!", fanani husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Wasomali nao huanza kwa "Sheeko sheeko" na kujibiwa "Sheeko xariir". Katika tanzu hizi zamu ya kusema hujulikana, msemaji ni mmoja, maneno ya ufunguzi hayabadiliki, na mtoto huweza kubashiri kinachofuata kabla hakijafika. Mtaalamu wa tiba ya usemi akiombwa kubuni zoezi la usikilizaji, atabuni kitu kinachofanana na hicho. Mkusanyiko wa vitendawili na hadithi fupi uliopangwa kwa ugumu wa sauti zake, si kwa mada pekee, ungekuwa mchango wa fasihi kwa tiba.

Kazi ya tatu ni ya istilahi. Mzazi anayeambiwa kwa Kiingereza kuwa mwanawe atafanyiwa upasuaji, kisha kifaa kiwashwe baada ya majuma kadhaa, kisha kirekebishwe mara kwa mara kwa miaka, hutia sahihi asichokielewa. Wengi hudhani kifaa kikiwashwa mtoto atasikia siku hiyo hiyo kama wenzake. Wasipoliona hilo, huamini wametapeliwa na kukiweka kifaa kabatini. Kijitabu cha Kiswahili na Kisomali, chenye istilahi thabiti na lugha ya kawaida, kingeokoa vifaa vingi na utoto mwingi.

Ya nne ni ushirikiano na wanaisimu wa Lugha ya Ishara. Mfano upo. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na marehemu Profesa Okoth Okombo, mwanaisimu, alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Aliona kuwa uziwi ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la hospitali. Idara za Kiswahili zilikuwa na nafasi ya kuona hivyo hivyo, na nafasi hiyo haijapita.

Hitimisho

Kipandikizi cha koklea ni miongoni mwa vifaa vya ajabu vilivyobuniwa na binadamu, na hakuna sababu ya mtoto wa Diff kunyimwa kwa kuwa alizaliwa mbali. Lakini kumpa kifaa bila kuyaandaa mazingira ni kumpa nusu ya kitu na kumlaumu kwa nusu iliyokosekana. Nusu hiyo ni mwalimu anayegeuka kabla ya kusema, ni duksi inayompa robo saa ya peke yake, ni jirani anayejua kuwa kutojibu si ukaidi, ni mama mwenye ishara za usiku, na ni maneno yaliyopimwa kwa lugha anazozisikia.

Sehemu ya orodha hiyo haitatoka kwa daktari. Itatoka kwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha, au haitatoka kabisa. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza bila kungoja ufadhili: kurekodi orodha moja ya maneno mia moja, kuijaribu katika shule moja ya viziwi kwa ridhaa ya wazazi na walimu wao, na kuchapisha matokeo yake katika kurasa kama hizi. Mwenye nyumba wa methali halindwi na mlango. Hulindwa na sikio lake. Mtoto ambaye sikio lake haliwezi kumlinda anahitaji wengine wapunguze kelele, na waseme naye kwa lugha iliyoandaliwa.